Denis Papin, mutu aliyeupa mvuke mlango wa kutokea



Siku hizi mu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tunasikia mingi ile sauti ya gari za turbo. Shofere anatoa mguu kwenye akseleratere, na gari linapumua pshiii, sawa mutu aliyetua mzigo chini. Vijana wanaipenda ile sauti. Wanaenda ku garaje, wanatoa supape iliyokuja na gari, wanaweka nyingine ya chuma, kubwa zaidi, na wanalipa pesa mingi. Wengi wanafikiri ile supape njo inaongeza nguvu ya motere. Hapana. Kazi yake ni kutoa hewa iliyokosa njia, basi.

Supape ni mlango mdogo. Kuna supape ambayo inajifungua yenyewe wakati nguvu ya ndani imepita kipimo. Mutu anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuiweka juu ya chombo cha mvuke aliishi zaidi ya miaka 300 iliyopita. Jina lake Denis Papin. Waliosoma na vitabu vya Kifaransa wanalijua jina lile pamoja na sufuria yake, lakini maisha yenyewe yanajulikana kidogo. Sisi watu wa sendika ya migodi tunapenda kuyaeleza kwa sababu mbili. Ya kwanza: kila kompresere na kila boila tunayokaa karibu nayo ku kazi iko na supape, na ile supape njo inatuachia uhai. Ya pili: maisha ya Papin yaliharibika pale mashine yake ilipokutana na wafanyakazi walioogopa kupoteza mkate wao. Jambo lile ni letu pia.

Papin alizaliwa mwaka 1647 kule Chitenay, kijiji karibu na mji wa Blois, Ufaransa. Jamaa yake walikuwa Waprotestanti katika nchi ya mfalme Mkatoliki. Tuweke neno lile akilini, kwa sababu litamfuata mpaka mwisho. Alisoma uganga kule Angers, akapata diploma yake mwaka 1669. Lakini kutibu wagonjwa hakukumshika moyo. Alipenda mashine. Akaenda Paris, akafanya kazi chini ya Christiaan Huygens, Mholanzi mwenye elimu kubwa sana ya wakati ule.

Kazi yao ilikuwa juu ya hewa. Walitumia pompa kutoa hewa ndani ya chombo na kuangalia kinachotokea. Mwaka 1674 Papin alitoa kitabu juu ya majaribio yale. Pamoja na Huygens alijaribu pia kusukuma pistoni kwa baruti. Unaweka baruti kidogo chini ya silinda, unawasha, hewa inatoka, na uzito wa hewa ya nje unashusha pistoni. Mayele ilikuwa nzuri, lakini baruti haikutoa hewa yote. Papin alibaki na swali: kitu gani kinaweza kujaza silinda na halafu kupotea kabisa? Jibu alilipata nyuma ya miaka mingi, na lilikuwa mvuke wa maji.

Mwaka 1675 alivuka kwenda London. Pale akafanya kazi na Robert Boyle, mutu mwingine mkubwa wa elimu ya hewa. Ni kule London njo sufuria ilizaliwa. Mwaka 1679 aliionyesha mbele ya Royal Society, chama cha wenye elimu cha Uingereza, na mwaka uliofuata wakampokea kuwa mmoja wao.

Tueleze ile sufuria vizuri, kwa sababu kila mama mwenye sufuria ya presio jikoni iko na mjukuu wake. Maji katika sufuria ya kawaida yanachemka kwenye digri 100, na hata ukiongeza kuni hayapandi zaidi. Lakini ukifunga kifuniko kwa nguvu, mvuke unakosa njia, unasukuma, na maji yanapanda joto kupita pale. Sufuria za leo zinafika karibu digri 120. Katika joto lile, mfupa mgumu wa ng'ombe unakuwa laini. Papin alitaka kitu kile kabisa. Mifupa watu waliyotupa ilikuwa na chakula ndani, na kuni zilikuwa bei kali. Alifikiri maskini wangeweza kupata mchuzi wenye nguvu kwa kuni kidogo.

Shida ni kwamba sufuria iliyofungwa kabisa ni bomu. Chuma kikichoka, kinapasuka na kuua mpishi. Kufunga sufuria kwa nguvu, wahunzi walijua tayari. Papin akafanya lingine: alitoboa tundu ndogo kwenye kifuniko. Juu ya tundu aliweka kizibo. Juu ya kizibo alilaza fimbo ya chuma, ncha moja imeshikwa, ncha ingine imetundikwa jiwe la mizani. Mvuke ukiwa na nguvu ndogo kuliko uzito, kizibo kinakaa. Ukipita, unainua fimbo, unatoka, na nyuma yake fimbo inarudi mahali pake. Ukisogeza uzito mbele kwenye fimbo, sufuria inashika presio zaidi. Ukiurudisha nyuma, inaachia mapema. Mutu mmoja, kwa kidole kimoja, anaamua nguvu gani itakaa ndani.

Ili kujua joto, alidondosha tone la maji juu ya kifuniko na kuhesabu muda wa kukauka kwa kamba yenye uzito inayoyumba. Hakukuwa bado na kipimo cha joto kama chetu, lakini hakufanya kazi kwa kubahatisha. Mwaka 1681 alitoa kitabu juu ya sufuria yake, pamoja na namna ya kupika nyama na mifupa. Mwaka 1682 wakubwa wa Royal Society walikaa mezani wakala chakula cha usiku kilichopikwa ndani yake, na mmoja wao, John Evelyn, akakiandika katika daftari lake kwa furaha.

Ungefikiri mutu wa namna ile anatajirika. Wapi! Alienda Venice, Italia, akafanya kazi miaka michache. Akarudi London mwaka 1684, Royal Society ikamwajiri kuonyesha majaribio kwa paundi 30 kwa mwaka. Ilikuwa mshahara mdogo. Na mwaka 1685 mfalme Louis XIV akafuta sheria iliyowapa Waprotestanti wa Ufaransa haki ya kuabudu. Mlango wa kurudi nyumbani ukafungwa. Maelfu na maelfu ya watu walikimbia nchi, mafundi wengi kati yao. Papin alikuwa tayari nje, na alibaki nje mpaka kufa.

Basi akaenda Ujerumani. Mtawala Karl wa Hesse-Kassel alipokea wakimbizi, na alimpa Papin kazi ya profesa wa matematiki kule Marburg. Kule alioa mwanamke mjane wa jamaa yake, mkimbizi kama yeye. Mshahara ulikuwa kidogo na wanafunzi wachache. Lakini mwaka 1690, katika gazeti la wenye elimu la Leipzig, aliandika lile jibu la swali la zamani.

Alisema, kwa ufupi, hivi. Weka maji kidogo chini ya silinda ya chuma. Washa moto. Mvuke unainua pistoni. Ondoa moto. Mvuke unapoa, unarudi kuwa maji, na ndani panabaki patupu. Hewa ya nje, ambayo ni nzito kuliko tunavyofikiri, inashusha pistoni kwa nguvu, na pistoni inaweza kuinua mzigo. Baruti ilishindwa kutoka yote. Mvuke unapotea kabisa. Papin alitaja tayari kazi zake: kutoa maji chini ya migodi, na kuendesha vyombo majini bila upepo.

Wandugu wa chini ya ardhi wanaelewa kwa nini alitaja migodi kwanza. Maji ni adui wa zamani wa mchimbaji. Pompa ikisimama, kisima kinajaa, kazi inakufa, na watu wanaweza kufa. Wakati ule maji yalitolewa kwa farasi, kwa magurudumu ya mto, na kwa mikono ya watu. Mwaka 1698 Mwingereza Thomas Savery alipata hati ya mashine ya kuinua maji kwa moto. Mwaka 1705 Leibniz, mwanafalsafa Mjerumani aliyekuwa rafiki wa Papin kwa barua, alimtumia mchoro wake. Papin, ambaye alikuwa amehamia Kassel kwa mtawala Karl, akaanza tena kazi. Alijenga pompa yake ya mvuke, akaijaribu mbele ya mtawala mwaka 1706, na mwaka 1707 akatoa kitabu kuieleza. Lakini mabomba yalivuja, uvumilivu wa wakubwa ulikwisha, na Papin akaona heri arudi London.

Hapa njo tunafika kwenye mashua.

Papin alikuwa amejenga mashua yenye magurudumu ya kupiga maji ubavuni. Vitabu vingi vinasema ilienda kwa mvuke. Si kweli. Magurudumu yalizungushwa kwa nguvu ya watu. Mvuke alikusudia kuuweka baadaye, kule Uingereza. Tarehe 24 Septemba 1707 alipanda na jamaa yake na mizigo yake, akashuka mto Fulda kutoka Kassel. Mbele kuna mji wa Münden, pale Fulda inakutana na Werra na kuzaa mto Weser unaokwenda baharini. Katika mji ule, chama cha wenye mashua kilikuwa na haki ya zamani: chombo cha mgeni hakipiti. Mzigo unashuka, unapakiwa kwenye mashua zao, wao wanapata malipo. Papin alikuwa ameomba ruhusa ya kupita mbele ya safari, hata Leibniz alijaribu kumsaidia. Ruhusa haikupatikana. Akaenda hivyo hivyo. Wenye mashua wakaikamata ile mashua na kuivunja.

Hadithi ile inapenda kuelezwa kwa kucheka: wajinga walivunja mashine ya mutu wa mayele. Sisi hatucheki. Tunawajua watu wale. Mutu anayelisha watoto kwa kasia moja, akiona gurudumu linapiga maji bila kasia, anahesabu haraka sana. Hakuna aliyekuja kukaa nao. Hakuna aliyewaambia kama watafundishwa mashine mpya, au kama watapata fungu katika faida. Haki yao iliandikwa, na mutu alipita juu yake. Lakini pia hatuwapigii makofi. Walimvunjia mzee wa miaka 60, mkimbizi, kitu alichokuwa nacho, na mashua zao hazikupona kwa sababu ile. Mashine zilikuja tu, mikononi mwa wengine. Wakubwa wa pande zote mbili, walionyima ruhusa na waliotoa haki ile ya zamani, hawakupoteza hata msumari. Waliopigana ni maskini na maskini.

Sendika ilizaliwa kwa kuogopa mambo ya namna ile. Mashine mpya inapokuja ku mugodi, kazi yetu si kuichoma wala kuipigia magoti. Ni kuuliza mapema: nani atafundishwa, nani atatolewa, na faida itagawanywa namna gani. Ukiuliza nyuma ya mashua kuvunjika, umechelewa.

Papin alifika London na mikono mitupu. Mkubwa wa Royal Society sasa alikuwa Isaac Newton. Boyle alikuwa amekufa, Huygens pia. Mwaka 1708 Papin aliomba pesa kidogo, paundi 15, ajenge mashine yake na kuilinganisha na ya Savery. Hawakumpa. Aliendelea kuonyesha majaribio kwa malipo madogo madogo. Barua yake ya mwisho inayojulikana ni ya Januari 1712. Alikufa mu London karibu na mwaka 1713, maskini, mbali na Blois.

Mwaka ule ule wa 1712, karibu na Dudley, Uingereza, Thomas Newcomen alisimamisha mashine ya mvuke kwenye mgodi wa makaa. Ilikuwa na silinda, pistoni, mvuke unaopoa, na hewa inayosukuma chini, kama Papin alivyoandika mwaka 1690. Ilitoa maji mgodini. Papin hakuiona.

Na supape yake ilikuwa na hatima gani? Watu waliipokea, halafu wengine wakaidharau. Kwa mutu mwenye haraka, mvuke unaotoka ni mali inayopotea. Anauliza: kwa nini tusiongeze uzito, au tufunge kabisa, mashine ivute zaidi? Mwaka 1803 kule Greenwich, karibu na London, boila ya Richard Trevithick ilipasuka ikaua watu 4. Trevithick alikuwa mtoto wa Cornwall, nchi ya migodi ya shaba na bati. Kijana aliyewekwa kuangalia mashine alikuwa ameondoka, na supape haikuachiwa kufanya kazi yake. Trevithick alielewa. Nyuma ya pale aliweka supape mbili, moja mbali na mkono wa mwendesha mashine, pamoja na kizibo cha risasi kinachoyeyuka joto likizidi. Alijua kwamba hatari si chuma peke yake. Hatari ni pia mkono unaogusa uzito.

Sasa turudi kwenye turbo. Mwaka 1905 Mswisi Alfred Büchi aliandikisha wazo la kutumia moshi wa motere kuzungusha kigurudumu kinachosukuma hewa ndani ya motere ile ile. Hewa mingi, mafuta mingi, nguvu mingi. Katika gari la esansi kuna mlango unaoongoza hewa. Shofere akitoa mguu, mlango ule unafunga ghafla, lakini turbo ingali inazunguka na kusukuma. Hewa inagonga mlango, inarudi nyuma, inapiga kigurudumu cha turbo. Ikirudia mara mingi, turbo inachoka mbele ya wakati. Kwa hiyo wameweka supape kati ya turbo na mlango. Mlango ukifunga, supape inafunguka, hewa inatoka.

Kijana anayetaka kuibadilisha ajue mambo manne. Kwanza, supape mpya haiongezi nguvu. Inafaa wakati presio ya turbo imepandishwa na ile ya kwanza, mara mingi ya plastiki na mpira, inavujisha au imepasuka. Pili, ndani yake kuna resori, na ile resori njo jiwe la Papin. Ikiwa ngumu kupita kiasi, supape haifunguki, na hewa inarudi kupiga turbo. Ikiwa laini kupita kiasi, inavujisha, na gari linakosa pumzi. Resori lazima ilingane na motere, si na ukubwa wa kelele. Tatu, gari mingi zinapima hewa mbele ya turbo, na esansi inahesabiwa kwa kipimo kile. Supape ikitoa nje hewa iliyohesabiwa tayari, esansi inazidi, moshi mweusi unatoka, na motere inaweza kuzima. Kwa gari zile, inafaa supape inayorudisha hewa kwenye mrija mbele ya turbo. Sauti inapungua, motere inapona. Nne, dizeli nyingi hazina mlango ule wa hewa, basi hazina haja ya supape ile. Anayeiweka juu ya dizeli ananunua filimbi. Kinachopunguza presio ya turbo yenyewe ni mlango mwingine, upande wa moshi, na ule asiuguse bila fundi anayejua.

Ku kazi yetu tumekuta mambo ya namna ile, na mabaya zaidi. Tumekuta tanki ya hewa ambayo supape yake imefungwa kwa waya, kwa sababu ililia mara kwa mara na mukubwa mmoja aliona hewa inapotea. Tulisimamisha kazi mpaka waya ukatolewa. Wengine walituita wavivu. Lakini tanki ile ingepasuka, majina yaliyoandikwa kwenye msalaba yangekuwa ya wafanyakazi.

Tuseme jambo la mwisho, kwa sababu kuna wakubwa wanaopenda kusema sendika ni supape: watu wapige kelele kidogo, hasira itoke, kesho warudi kazini. Wamesoma nusu tu ya Papin. Supape yake ikilia, mpishi hakukaa kusikiliza wimbo. Alipunguza kuni. Kama inalia kila siku na moto unaongezwa kila siku, siku moja ile tundu ndogo haitatosha.

Mji wa Blois ulimjengea Papin sanamu mwaka 1880, na ngazi kubwa ya mji ule inaitwa kwa jina lake. Ni vizuri. Lakini kwa mutu wa kazi kuna namna ingine ya kumkumbuka. Kesho asubuhi, mbele ya kuwasha kompresere, angalia supape. Angalia kama uzito au resori iko kwenye kipimo chake, kama hakuna waya, kama hakuna kutu. Na kama kuna kitu kibaya, usiwashe, hata kama mukubwa anakimbiza kazi. Ita mwenzako, ita delege wa sendika. Masaa mawili ya kazi yanaweza kulipwa nyuma. Mutu, hapana.